Mpaka Usioonekana kwa Macho: Utando wa Seli na Siri ya Pakiti ya Chumvichumvi



Atakayesimama asubuhi na mapema mjini Tunduma, karibu na Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani kilichozinduliwa na Marais wa Tanzania na Zambia tarehe 5 Oktoba 2019, atajifunza mengi kuhusu mipaka. Malori yaendayo Zambia na Kongo yamejipanga barabarani, madereva wengine wangali wamelala, mawakala wa forodha wanakimbizana na nyaraka. Hatua chache kutoka hapo, mama mwenye beseni la nyanya kichwani anavuka kwenda Nakonde kana kwamba anavuka uchochoro wa mtaa wake. Mpaka ni mmoja, lakini hauwatendei wote namna moja. Wengine hupita bila kuulizwa, wengine kwa karatasi, wengine huzuiliwa. Na zipo pia njia za panya, ambazo kila mwenyeji anazijua ingawa ni wachache wanaokiri kuzipita.

Katika makala haya tunataka kuueleza mpaka mwingine, mwembamba kupita kiasi, ambao kila mmoja wetu anao mwilini kwa hesabu ya matrilioni: utando unaoizunguka kila seli hai. Hatuueleza kwa udadisi mtupu. Mkoa wetu wa Songwe umepakana na nchi mbili ambazo katika miaka ya karibuni zimepigwa vibaya na kipindupindu. Nchini Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe tukitazama kutoka Ileje, mlipuko ulioanza Machi 2022 uliua zaidi ya watu 1,700. Nchini Zambia, mlipuko ulioanza Oktoba 2023 na kuushika zaidi mji wa Lusaka uliua zaidi ya watu 700. Barabara kuu itokayo Lusaka inaishia hapa kwetu Tunduma. Ugonjwa haupangi foleni forodhani.

Sasa, katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo za Kikristo tumesikia mara nyingi neno hili kutoka kwa mzazi mwenye mgonjwa wa kuharisha: "Nilimpa ile chumvi ya ORS, lakini aliendelea kuharisha vilevile, nikaona haisaidii, nikaacha." Wengine huongeza kwamba kumnywesha anayeharisha ni kumwongezea maji ya kuharisha. Si maneno ya kijinga hata kidogo. Mtu anayeyasema ametazama kwa macho yake na ametumia akili yake. Tatizo ni kwamba kinachomwokoa mgonjwa hakionekani kwa macho. Kinatendeka katika utando wa seli za utumbo wake. Asiyejua utando huo unavyofanya kazi hana sababu ya kuiamini pakiti ya chumvi na sukari inayouzwa kwa bei ndogo. Ndiyo maana tumeona vema kuanza na utando wenyewe, na pakiti itafuata.

Mafuta katikati ya maji

Seli ni chumba kidogo sana cha uhai. Mwingereza Robert Hooke ndiye aliyezipa seli jina hilo mwaka 1665, alipotazama kipande cha gome kwa hadubini na kuona vijumba vilivyopangana. Alichokiona yeye kilikuwa kuta za seli zilizokufa. Utando tunaouzungumzia hakuweza kuuona, wala hadubini ya kawaida ya zahanati haiuonyeshi leo, kwa sababu unene wake ni nanomita 7 hadi 10 hivi. Tukizipanga tando laki moja, moja juu ya nyingine, tutapata kimo cha takriban milimita moja tu.

Utando huo umefanywa kwa mafuta. Mama yeyote aliyepika supu ameyaona mafuta yakielea juu kwa viduara viduara, yakikataa kuchanganyika na maji. Mafuta ya utando wa seli yana tabia hiyo nusu tu. Huitwa fosfolipidi, na kila chembe yake ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Ukizitia chembe nyingi za namna hiyo ndani ya maji, zinajipanga zenyewe pasipo fundi: safu mbili, vichwa vikielekea maji ya nje na maji ya ndani, mikia ikijificha katikati. Ndivyo mafuta yanavyosimama imara katikati ya maji pande zote mbili.

Jambo hili liligunduliwa kwa njia ambayo hutufurahisha kila tunapoisimulia. Mwaka 1925 huko Leiden, Uholanzi, daktari wa watoto Evert Gorter na mwenzake François Grendel walichukua damu ya binadamu na ya wanyama kadhaa, akiwamo mbuzi, wakatoa mafuta yote waliyoweza katika chembe nyekundu, wakayatandaza juu ya maji mpaka yakawa safu moja tu. Kisha wakapima eneo lake. Likawa mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Wakahitimisha: mafuta yamepangwa safu mbili. Baadaye ilionekana kwamba hawakuyatoa mafuta yote, na pia walikosea kupima ukubwa wa chembe, ila makosa hayo mawili yalifutana na jibu likatoka sahihi. Walichagua chembe nyekundu kwa busara, kwa kuwa chembe hizo za binadamu hazina tando nyingine ndani, hivyo mafuta yote yalitoka kwenye mpaka wa nje.

Mwaka 1972 Wamarekani Seymour Singer na Garth Nicolson waliongeza picha ambayo bado inafundishwa shuleni. Walieleza kwamba utando si ukuta mkavu. Ni kitu kinachotiririka, kama mafuta yaliyo vuguvugu, na ndani yake zimepachikwa protini nyingi ambazo huelea huku na huku. Hapa ndipo mfano wetu wa Tunduma unapopungukiwa: fikirini mpaka ambao ofisi za Uhamiaji, mageti na walinzi wote wanaelea na kubadilishana nafasi mchana kutwa, na bado kazi inakwenda. Kolesteroli, ambayo wengi wetu huisikia tu pale daktari anapotuonya kuhusu moyo, ina kazi ya heshima humo: huuzuia utando usilegee mno wakati wa joto wala kuganda wakati wa baridi.

Kiasi hicho cha kulegea au kukaza si jambo dogo. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walieleza mwaka 2020 kwa nini watu wenye aina ya damu iitwayo Dantu hupata malaria kali kwa nadra kuliko wenzao. Utando wa chembe zao nyekundu umekazwa zaidi kidogo, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa vizuri, na kimelea cha malaria hushindwa kuupenya. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba mwenye damu hiyo haihisi maisha yake yote.

Wasomaji watakumbuka pia ndoo za maji na sabuni zilizowekwa milangoni mwa makanisa mwaka 2020. Kirusi cha korona hujifunika kwa utando wa mafuta alioupora ndani ya seli ya binadamu, na sabuni huupasua utando huo. Bakteria wa kipindupindu wana kinga ngumu zaidi. Kwao sabuni husaidia hasa kuwang'oa mkononi ili maji yawachukue. Kwa vyovyote vile ndoo zile zingali na kazi, na si vema kwamba nyingi zimerudishwa stoo.

Malango na pampu

Nani basi huupita mpaka huu? Hewa ya oksijeni na ile ya ukaa hupita moja kwa moja kati ya mafuta, kama mama yule wa nyanya. Maji hupita pia, ila polepole. Ili yapite kwa kasi yana milango yake maalumu ya protini, ambayo Mmarekani Peter Agre aliitambua katika chembe nyekundu za damu na kuieleza mwaka 1992, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Lakini chumvi na sukari haziwezi kabisa kupita katika mafuta. Sukari ni kubwa na inapenda maji. Chumvi, ikishayeyuka, hugawanyika kuwa sodiamu na kloraidi, kila moja ikiwa na chaji ya umeme, na mafuta hayapitishi kitu cha namna hiyo. Hizo ndizo malori: haziwezi kuvuka ila kwa lango, na kila lango hukagua mzigo wa aina yake.

Tuangalie sasa tabia moja ya maji, kwa sababu kila kitakachofuata kinaitegemea. Maji huelekea mahali palipo na chumvi au sukari nyingi zaidi. Yeyote aliyetengeneza kachumbari anaifahamu tabia hii bila kujua jina lake. Ukate vitunguu na nyanya, unyunyize chumvi, uondoke kidogo. Ukirudi utakuta maji yamejaa chini ya bakuli. Hakuna aliyeyamimina. Chumvi iliyo nje imeyavuta maji kutoka ndani ya seli za kitunguu, kupitia tando zake. Wataalamu huliita jambo hili osmosisi. Seli haina pampu ya maji hata moja. Ikitaka kuhamisha maji, huhamisha chumvi, na maji hufuata yenyewe.

Pampu ya chumvi, hata hivyo, ipo. Mwaka 1957 Mdenmaki Jens Skou, akichunguza mishipa ya fahamu ya kaa wa pwani, aliieleza protini inayotoa nje sodiamu 3 na kuingiza ndani potasiamu 2, tena na tena, usiku na mchana, ikitumia sehemu kubwa ya nishati tunayoipata katika chakula. Kwa sababu ya pampu hii, ndani ya kila seli kuna sodiamu kidogo na nje kuna nyingi. Sodiamu ya nje inakuwa kama maji yaliyozuiliwa na bwawa: ikipata upenyo, inaingia kwa nguvu. Seli hutumia nguvu hiyo ya kuingia kufanyia kazi nyingine, na mojawapo ya kazi hizo ndiyo kiini cha makala haya.

Kipindupindu kinaposhika lango

Utumbo wa mtu mzima mwenye afya hupokea takriban lita 8 hadi 9 za maji kila siku. Lita mbili hivi ni zile tunazokunywa na kula. Zinazobaki ni mate, maji ya tumbo, nyongo na majimaji mengine ya mwili wenyewe. Karibu yote hurudishwa ndani ya damu kupitia seli za utumbo. Kinachotoka chooni hakizidi sana kikombe kimoja. Kwa hiyo hata mtu asiye mgonjwa ana mto unaoingia na kutoka tumboni mwake kila siku, na uhai wake umesimama juu ya mizani ya mto huo.

Bakteria wa kipindupindu, aitwaye Vibrio cholerae, akifika utumbo mwembamba hajisumbui kuingia ndani ya seli. Hujishikiza juu yake na kumwaga sumu. Mwanasayansi wa Kihindi Sambhu Nath De ndiye aliyethibitisha kuwapo kwa sumu hiyo, huko Calcutta mwaka 1959. Ina sehemu tano za kujishikilia na moja ya kudhuru. Zile tano hukamata alama fulani ya mafuta na sukari iliyoko juu ya utando wa seli ya utumbo, alama ambayo iliwekwa hapo kwa kazi nyingine kabisa. Seli, ikidhani imepokea kitu halali, hukivuta ndani. Kisha ile sehemu ya sita huenda kwenye swichi moja ya ndani na kuikwamisha upande wa kuwashwa.

Swichi hiyo hufungua lango la kloraidi. Kwa kawaida lango hufunguka kwa kiasi, ili kulainisha utumbo, kisha hufungwa. Sasa limekwama wazi. Kloraidi inamiminika kuelekea ndani ya utumbo, sodiamu inaifuata, na maji, kama tulivyoona katika kachumbari, yanafuata chumvi. Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Choo chake hakina tena sura ya choo. Kinafanana na maji yaliyooshea mchele. Macho yanaingia ndani, sauti inapotea, ngozi ya tumbo ikifinywa inabaki imesimama. Mtu aliyekuwa shambani asubuhi anaweza kufa kabla ya usiku, na kinachomuua ni ukavu. Bakteria hawajamla kiungo chochote. Katika kipindupindu kikali kisichotibiwa, nusu ya wagonjwa wanaweza kufa. Wakitibiwa kwa wakati, anakufa chini ya mmoja katika mia.

Kutoka Prague hadi Bongaon

Kwa miaka mingi waganga walijaribu jambo ambalo sote tungejaribu: kumpa mgonjwa maji anywe. Hayakumsaidia. Maji matupu hayavutwi na kitu, kwa hiyo mengi yalipita tu. Wakajaribu maji ya chumvi. Malango ya kawaida ya chumvi yalikuwa yamedhoofishwa na sumu ileile, nayo hayakusaidia. Ikabaki dripu peke yake, ambayo humwingizia mgonjwa maji moja kwa moja kwenye mshipa. Dripu ni tiba nzuri, lakini inadai sindano safi, mtaalamu na chupa nyingi sana.

Agosti 1960, katika mkutano wa wanasayansi mjini Prague, Mmarekani Robert Crane alitoa wazo lake juu ya jinsi sukari inavyoingia katika seli za utumbo. Alieleza kwamba lipo lango ambalo halifunguki kwa glukosi peke yake wala kwa sodiamu peke yake. Lazima ziwe pamoja. Leo tunajua hata hesabu yake: sodiamu mbili kwa glukosi moja. Sodiamu, ikisukumwa na ile nguvu ya bwawa tuliyoitaja, inaingia kwa kasi na kumvuta glukosi mkononi. Ni kama lori ambalo haliruhusiwi kuvuka bila mwenye mzigo na wakala wake kuwapo wote wawili dirishani. Akikosekana mmoja, geti halinyanyuki.

Na hapa ndipo rehema ilipofichika: sumu ya kipindupindu, iliyokwamisha lango la kloraidi na kudhoofisha mengine, hailigusi lango hili. Katika utumbo wa mgonjwa anayekaribia kufa, lango la glukosi na sodiamu lingali zima na linangoja. Mpe maji yenye vyote viwili kwa kipimo, nalo litafunguka. Glukosi na sodiamu zitaingia, na maji yatafuata. Mto wa kutoka utaendelea kutoka. Lakini sasa upo mto wa kuingia pia.

Lililokuwa wazo likawa tiba kwa taabu kubwa, na sehemu ya taabu hiyo ilitokea katika mji wa mpakani kama wetu. Mwaka 1971, vita vilipowaka katika nchi ambayo leo ni Bangladesh, wakimbizi kwa mamilioni walivuka kuingia India. Katika mji wa Bongaon, karibu na mpaka, kipindupindu kiliwashika wakiwa wamerundikana. Daktari wa watoto Dilip Mahalanabis alikuta wagonjwa wamelala sakafuni na akiba ya dripu inakwisha. Akaamua kuchanganya chumvi, glukosi na magadi kidogo katika maji, na kuwakabidhi ndugu wa wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Wapo waliokuwa na mashaka kama ndugu anaweza kupewa kazi ya tabibu. Kabla ya hapo karibu wagonjwa 30 katika kila 100 walikuwa wakifa kambini. Miongoni mwa waliotibiwa kwa mpango wake, waliokufa hawakufika 4 katika 100.

Tunalitilia mkazo jambo hilo la ndugu wenye vikombe. Tiba hii iliokoa watu kambini kwa mikono ya mama, shangazi na kaka.

Pakiti nyumbani mwetu

Tukiisoma pakiti ya ORS ya leo kwa macho haya, kila kilichomo kina sababu. Kwa lita moja ya maji, kipimo kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2002 ni glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida gramu 2.6, chumvi ya potasiamu gramu 1.5 na sitreti gramu 2.9. Glukosi na sodiamu zimewekwa kwa idadi inayolingana, ili zikutane langoni bila mmoja kumngoja mwenzake. Potasiamu inarudisha ile iliyopotea chooni, kwani ikipungua misuli hulegea na mapigo ya moyo huharibika. Sitreti hupunguza ukali wa asidi unaojikusanya katika damu ya mgonjwa.

Kutokana na hayo, makosa tunayoyaona majumbani yanajieleza yenyewe. Mwingine hugawa pakiti moja mara tatu ili idumu, akichanganya kidogo kidogo katika kikombe kwa kukisia. Mchanganyiko ukiwa mwepesi mno, sodiamu na glukosi hazitoshi langoni. Ukiwa mzito mno, unavuta maji kutoka mwilini kama chumvi ya kachumbari. Mwingine huongeza sukari ili mtoto aipende. Sukari ya ziada hubaki utumboni na kuyavuta maji yarudi huko, na mtoto huharisha zaidi. Soda ni mbaya kwa sababu hiyohiyo: nyingi zina zaidi ya gramu 100 za sukari kwa lita, karibu mara nane ya sukari ya ORS, na chumvi kidogo mno. Tunajua kwamba kumpelekea mgonjwa soda ni ishara ya upendo katika desturi zetu. Kwa mgonjwa wa kuharisha, tusimpelekee.

Pakiti nyingi ni za lita moja, ila tusome kwanza maandishi yake. Chupa ya maji ya lita moja ni kipimo kizuri, au chupa mbili za nusu lita. Maji yawe yamechemshwa na kupoa, au yametiwa dawa ya klorini. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe na kuchanganywa kipya. Pakiti isipopatikana usiku, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote kwa kipimo cha kijiko sawasawa bila kilima, katika lita moja ya maji salama, vitalifungua lango mpaka asubuhi. Ndugu zetu wa bonde la Momba, wanaolima mpunga, wanaweza kutumia pia maji ya wali yenye chumvi kidogo: wanga wa mchele humeng'enywa tumboni na kuwa glukosi.

Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu ya kikombe kila anapoharisha, mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima, na mtu mzima kadiri awezavyo. Akitapika, tungoje dakika 10, kisha tuendelee kwa kijiko, taratibu. Anayenyonya aendelee kunyonya. Watoto wapewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Lakini mgonjwa aliyelegea, asiyeweza kunywa, asiyekojoa, au ambaye maji yanamtoka kwa kasi kuliko anavyokunywa, huyo anahitaji dripu. Apelekwe kituo cha afya bila kungoja, na anyweshwe njiani ikiwa bado anameza. Pia kipindupindu kinapohisiwa, taarifa itolewe mara moja kwenye zahanati au kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Familia inayonyamaza kwa kuona aibu huwaweka majirani hatarini.

Limebaki swali la yule mzazi: kwa nini anaendelea kuharisha? Ni kwa sababu ORS haikutumwa kufunga lango lililokwama. Sumu ikishaingia ndani ya seli, hakuna kinywaji kinachoitoa. Dawa ambazo tabibu huwapa wagonjwa walio katika hali mbaya huua bakteria na kuufupisha ugonjwa, lakini nazo haziitengenezi swichi iliyokwisha kuharibiwa. Kinachoitengeneza ni mwili wenyewe. Seli zinazofunika utumbo mwembamba huishi siku 3 hadi 5 tu; kisha huchubuka na kutoka, na seli mpya zenye utando mzima hupanda kushika nafasi zao. Seli iliyotiwa sumu Jumatatu huenda Ijumaa haipo tena, imekwenda na lango lake lililokwama. Kikombe tunachomshikia mgonjwa usiku kinamvusha siku hizo, mpaka zile mpya zifike.